Ukuta Unaozuia Sauti, Ukuta Unaozuia Mvua

Stesheni kubwa za redio za Nairobi zina mazoea ya kutaja masafa yao kwa mkupuo mmoja: Nairobi nambari hii, Nakuru ile, Eldoret nyingine, Mombasa nyingine tena. Msikilizaji huichukulia orodha hiyo kuwa majigambo ya biashara, na pengine ni majigambo kweli. Lakini ukiitazama vizuri, ni orodha ya milima. Kenya ingekuwa tambarare tangu Limuru hadi Ziwa Victoria, nambari kadhaa kati ya hizo zisingehitajika.

Abiria wa matatu inayoteremka kwenda Mai Mahiu kwa barabara ya chini anaujua mchezo wenyewe. Juu kule kwenye ukungu wa Limuru wimbo unasikika safi. Gari likipinda kona mbili tatu ukingoni, sauti inaanza kukwaruza, inarudi, inakwaruza tena, kisha stesheni ya watu wengine kabisa inaingia katikati ya sentensi. Dereva ananyoosha mkono na kutafuta masafa mapya bila kuondoa macho barabarani. Ameingia nchi nyingine ya redio.

Katika nchi hiyo, ukielekea Narok, chini ya volkeno ya Suswa, kuna stesheni ndogo ya kijamii inayotangaza kwa Kimaa: Oltoilo le Maa. Wasikilizaji wake ni wafugaji waliotawanyika kwenye mbuga, makorongo na nyika za majivu ya volkeno, mahali ambapo jirani wa karibu anaweza kuwa mwendo wa saa nzima. Stesheni yenyewe haikuanzishwa na mfanyabiashara wala mwanasiasa. Ilitokana na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya, chini ya mpango unaoitwa RANET, ambao ulizaa redio za namna hiyo katika pembe kadhaa za nchi.

Watu huzihurumia redio hizi. Husema masafa yao ni mafupi, mitambo ni midogo, na hazivuki mlima wa pili. Mimi naona kinyume. Katikati ya Bonde la Ufa, ufupi huo ndio sifa kubwa ya redio ndogo, kwa sababu kuta zinazolizuia wimbi la redio ndizo hizo hizo zinazoamua mvua inyeshe wapi na isinyeshe wapi. Ili kuona jinsi mambo haya mawili yanavyokutana, tuanze na wimbi.

Wimbi la redio ni mtikisiko wa umeme na sumaku unaosafiri kwa kasi ya mwanga, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde. James Clerk Maxwell, mwanafizikia kutoka Scotland, alionyesha kwa hesabu mwaka 1865 kwamba mtikisiko wa aina hiyo unaweza kusafiri. Miaka 20 na kitu baadaye Heinrich Hertz akauzalisha na kuunasa katika maabara yake mjini Karlsruhe, Ujerumani. Ukitaka kujua urefu wa wimbi moja, gawanya kasi hiyo kwa idadi ya mitikisiko katika sekunde moja. Stesheni ya FM iliyo kwenye nambari 100 hutikisika mara milioni 100 kwa sekunde. Wimbi lake basi lina urefu wa mita 3. Stesheni za masafa ya kati, zile ambazo wazee wetu walizisikiliza kwenye redio za mbao, zilikuwa na mawimbi ya mamia ya mita.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani asikie. Wimbi hujipinda kwa wepesi likikutana na kizuizi kisichozidi sana urefu wake. Wimbi la mita 300 huambaa na ardhi, likapanda vilima na kushuka navyo. Wimbi la mita 3 likikutana na ukingo wa Kikuyu, ambao ni mamia ya mita za mwamba uliosimama, hujipinda kidogo tu pale kileleni, na nyuma yake hubaki kivuli. Suswa iko ndani ya kivuli cha namna hiyo pande mbili: mashariki ukingo wa Kikuyu na vilima vya Ngong, magharibi ukuta wa Mau unaopanda kuelekea mita 3,000 juu ya usawa wa bahari.

Kwa nini basi dunia ikayaacha mawimbi marefu yanayopanda vilima? Sababu mojawapo kubwa ni radi. Kila umeme wa radi ni mtambo wa kurusha mawimbi ya redio, mkubwa na usio na leseni. Kwenye redio ya masafa ya kati, sauti ya mtangazaji hubebwa na nguvu ya wimbi inayopanda na kushuka. Radi ikipiga, inaongeza nguvu yake juu ya ile ya stesheni, na redio haina njia ya kuzitenganisha. Matokeo ni ule mkwaruzo wa ghafla. Mmarekani Edwin Armstrong alikuja na dawa, akapewa hataza zake mwezi Desemba 1933: sauti isibebwe na nguvu ya wimbi, ibebwe na wingi wa mitikisiko yake. Redio ya FM hupuuza kupanda na kushuka kwa nguvu, na kelele nyingi za radi hupuuzwa pamoja nako. Kwa vile njia hiyo inahitaji nafasi pana hewani, ilibidi ipelekwe kwenye mawimbi mafupi, kulikokuwa na nafasi. Tulinunua usafi wa sauti kwa kupoteza vilima.

Hapa kuna faida ndogo kwa mfugaji mwenye redio ya kizamani. Washa upande wa masafa ya kati, weka mahali pasipo na stesheni, usikilize. Mkwaruzo mmojammoja mkali ni radi, hata kama iko mbali kiasi kwamba ngurumo haisikiki. Mikwaruzo ikizidi kuwa mingi na mikali, tufani inasogea. Aleksandr Popov wa Urusi alijenga chombo cha kunasa radi kwa kanuni hiyo mwaka 1895, kabla ya mtu yeyote kuanzisha stesheni ya redio. Ngurumo ikianza kusikika, hesabu sekunde tangu umeme uonekane na ugawanye kwa tatu, utapata umbali kwa kilomita. Lakini usisimame chini ya mgunga pekee uwandani kufanya hesabu hiyo.

Urefu wa mita 3 una matokeo mengine ambayo kila mwenye redio ameyaona bila kuambiwa sababu. Antena inayovutwa juu kwenye redio ya mkononi mara nyingi hukaribia sentimita 75. Hiyo ni robo ya wimbi, kipimo ambacho waya hunasa vizuri. Simu nyingi za kabambe hukataa kufungua FM mpaka uchomeke waya wa masikioni, kwa sababu waya huo ndio antena yake. Ukiuvingirisha mfukoni, stesheni inapotea. Halafu kuna ile tabia ya redio kusikika ukiiweka dirishani na kunyamaza ukiirudisha mezani. Wimbi linafika kwako kwa njia zaidi ya moja: moja kwa moja kutoka mnarani, na jingine likigonga ukuta wa bonde na kurudi. Mahali fulani yanasaidiana, mahali fulani yanauana, na kati ya sehemu mbaya moja na ya pili kunaweza kuwa na mita moja unusu tu. Kabla ya kununua mawe mapya ya redio, isogeze hatua moja.

Nyumba nayo ina neno lake. Nyumba ya kimila ya Kimaasai, ya fito na samadi, hulipitisha wimbi la FM bila ubishi mwingi. Nyumba ya mabati juu na mabati pembeni hulirudisha nje, likabaki linapenya madirishani na mlangoni tu. Familia ikihamia nyumba ya kisasa na redio ikaanza kukoroma, redio haina kosa.

Upande wa stesheni, hesabu muhimu ni ya urefu wa mnara. Mnara wa mita 30 kwenye uwanda tambarare huona upeo wa kilomita 23 hivi. Ukitaka upeo huo uwe maradufu, mnara sharti uwe mrefu mara nne. Ndiyo maana wenye fedha hawajengi minara mirefu sana, wanapanda mlimani. Antena iliyo mita 600 juu ya sakafu ya bonde hutazama zaidi ya kilomita 100 pasipo kikwazo, na ndiyo sababu wanaokwenda kuangalia kreta ya Menengai, juu ya jiji la Nakuru, huikuta minara imewatangulia. Kuongeza umeme husaidia kidogo kuliko watu wanavyodhani. Hata kwenye uwanda mtupu, kulifikisha wimbi kwa nguvu ileile umbali maradufu kunataka umeme angalau mara nne. Na mlima ukiwa katikati, hata mara mia haitoshi. Redio ya kijamii, yenye mtambo mdogo na mara nyingi iliyo chini bondeni pamoja na wasikilizaji wake, inafungiwa na kuta pande zote. Sauti yake ina umbo la bonde lenyewe.

Kenya ilijaribu mapema redio za aina hii. Mwaka 1982 Unesco ilisaidia kuanzisha redio ya jamii Homa Bay, inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza barani Afrika. Mwaka 1984 serikali ikaifunga. Ikapita miaka mingi ya sauti moja kabla ya hewa kufunguliwa.

RANET ilikuja kwa mlango wa nyuma, mlango wa hali ya hewa, ambao hauitii serikali hofu. Fikra yake ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwenye kituo cha hali ya hewa cha ACMAD kilichoko Niamey, Niger. Taarifa za hali ya hewa zilikuwa zikirundikana katika miji mikuu huku mkulima wa pembezoni akibaki gizani. Kwa nini zisirushwe na setilaiti hadi kijijini, kisha redio ndogo izitangaze kwa lugha ya pale? Setilaiti ilikuwepo: AfriStar ya kampuni ya WorldSpace, iliyoanzishwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia. Ilirushwa angani Oktoba 1998. Miaka 10 baadaye kampuni ikafilisika. Mwaka huohuo, 2008, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ikafungua redio yake ya kwanza ya RANET huko Kangema, Murang'a, nchi ya maporomoko ya ardhi. Zikafuata nyingine: Bulala upande wa Budalang'i kwenye mafuriko ya mto Nzoia, Kwale, Nganyi huko Bunyore, na hiyo ya Suswa. Chombo cha mamilioni ya dola angani kilikwisha kabla ya vile vidogo vya ardhini kuota mizizi.

Sasa tuje kwenye mvua.

Hewa yenye unyevu inayoleta mvua zetu hutoka kwa wingi Bahari ya Hindi. Ikifika Nyandarua na ukingo wa Kikuyu, hulazimika kupanda. Hewa inayopanda hupoa, kati ya nyuzi 6 na 10 kwa kila kilomita moja, na hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi. Unaozidi hugeuka mawingu, kisha mvua. Ikishavuka kilele na kuanza kushuka bondeni, hubanwa, hupata joto, na mawingu yanayeyuka. Ndiyo sababu mkulima wa kabichi wa Kinangop anavaa koti zito na gambuti wakati jirani yake wa chini, anayeonekana kwa macho, anatimua vumbi. Naivasha hupata milimita 600 na kitu kwa mwaka. Sehemu za juu za Nyandarua hupita 1,000. Kericho, ng'ambo ya pili ya Mau, unyevu wa Ziwa Victoria huipa mvua karibu mwaka mzima.

Chukua sasa utabiri wa taifa. Kauli moja mara nyingi hujumlisha nyanda za juu magharibi mwa bonde, bonde la Ziwa Victoria, na Bonde la Ufa la kati na kusini. Kericho yenye chai na Suswa yenye miiba zinapewa sentensi moja. Mtaalamu hakukosea, ramani ya nchi nzima haiwezi kuingia kila korongo. Anayesikiliza Suswa ndiye hana kazi nayo. Baada ya serikali za kaunti kuanza, idara ilipeleka wakurugenzi wake kwenye kaunti, na utabiri ukaanza kukatwa vipande vidogo. Kipande hicho kidogo kinahitaji chombo cha kukitangaza ambacho hakitawachanganya wengine. Stesheni inayosikika nchi nzima ikisema mvua itanyesha kesho alasiri, mtu wa Bomet atajifunga na wa Magadi atajifunga, na mmoja wao ataitwa mjinga na ng'ombe wake. Stesheni ambayo wimbi lake linakoma kwenye kuta zilezile zinazoikomesha mvua ina wasikilizaji wa hali ya hewa moja, au karibu na moja.

Kukata utabiri vipande hakutoshi. Kuna lugha ya bahati nasibu ndani yake ambayo redio kubwa huipita mbio. Utabiri wa msimu hutengenezwa hivi: misimu ya miaka 30 iliyopita hupangwa kutoka mkavu hadi wenye mvua nyingi, kisha hugawanywa mafungu matatu yaliyo sawa. Bila kujua lolote, kila fungu lina nafasi moja kati ya tatu. Wataalamu wakisema kuna asilimia 45 ya mvua kuzidi kawaida, 35 ya kawaida na 20 ya kupungua, wamesema tu kwamba mizani imeinama. Bado katika misimu mitano ya utabiri huo, mmoja utakuwa mkavu. Mzee aliyesikia kwamba mvua itakuwa nyingi, akaacha kuuza hata ndama mmoja, ana haki ya kukasirika, lakini hasira yake imuendee aliyeikata habari nusu. Mtangazaji wa redio ya kijijini ana muda wa kuirudia hesabu hiyo kwa dakika 20, kupokea simu ya mama anayeuliza swali lilelile kwa namna ya tatu, na kumjibu tena.

Mizani yenyewe huinamishwa na bahari. Mwaka 1999 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Japani, wakiwemo N. H. Saji na Toshio Yamagata, walieleza katika jarida la Nature kwamba Bahari ya Hindi ina mbembea wake wa joto. Miaka fulani upande wetu wa magharibi hupata joto na upande wa Sumatra hupoa. Hewa hupanda kwetu, na vuli ya Oktoba hadi Desemba hufurika. Ilikuwa hivyo 1961, ikawa hivyo 1997, ikarudi kwa kishindo 2019. Ugunduzi huo, pamoja na El Nino, ndio unaofanya utabiri wa vuli uwe na mashiko. Mvua za Machi hadi Mei ni ngumu zaidi kutabiri miezi kabla, na mtangazaji mwaminifu anapaswa kulisema hilo wazi.

Wenyeji walikuwa na vipimo vyao kabla ya setilaiti. Alfred Claud Hollis, ofisa wa kikoloni aliyechapisha kitabu juu ya Wamaasai mwaka 1905, aliandika kwamba walikitazama Kilimia kujua majira ya mvua; pwani nako mabaharia na wakulima walikitazama kundi hilohilo la nyota. Kilimia huhesabu kalenda vizuri sana, lakini hakiwezi kukuambia kwamba mwaka huu Sumatra imepoa. Huko Bunyore, ukoo wa Nganyi, unaosifika kwa elimu ya mvua, uliwahi kuketi na wataalamu wa idara na wa kituo cha IGAD cha hali ya hewa, kila upande ukaleta dalili zake, na wakatoka na utabiri mmoja. Redio ya pale imepewa jina la ukoo huo. Mwanasayansi mwenye kiburi anaweza kulicheka jambo hilo. Mimi naliona la akili, maana utabiri usioaminiwa hauna tofauti na utabiri usiotolewa, na katika bonde hili, baada ya ghasia za uchaguzi zilizotokea Nakuru na Naivasha Januari 2008, watu wana sababu ya kupima mara mbili kila sauti inayotoka redioni.

Imani hiyo ilihitajika sana mwaka 2018. Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito kupita kiasi. Mwezi Machi, karibu na Suswa, ardhi ilifunguka na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Mahali fulani ufa ulikuwa na kina cha mita 15 hivi. Picha zikazunguka dunia, na baada ya siku chache vyombo vya habari vya mbali vilikuwa vikitangaza kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Fikiria kuisikia habari hiyo ukiwa umeketi mita 200 kutoka kwenye ufa wenyewe.

Ukweli ni kwamba Afrika inapasuka, ila bila haraka. Bonde hupanuka milimita chache kwa mwaka; ukucha wa kidole hukua kiasi hicho kwa mwezi mmoja. Ufa wa Suswa ulikuwa na maelezo ya karibu zaidi, na wanajiolojia wengi walioujadili waliyashika. Sakafu ya bonde pale imefunikwa na matabaka mazito ya majivu yaliyotapikwa na volkeno za Longonot na Suswa. Majivu hayo ni laini. Maji hupenya ndani, huyaokota chembe kwa chembe, huchimba njia chini kwa chini, na mvua kubwa ikija, paa la njia hiyo huanguka. Mipasuko ya kale ya mwamba inaweza kuyaelekeza maji yapite wapi, lakini kilichobomoa barabara ni mmomonyoko. Kwa mwenye boma jambo hili si la kitaaluma. Kama bara linapasuka, hana la kufanya. Kama ni maji chini ya majivu, anaweza kuziangalia dalili: shimo dogo linalomeza maji, mstari wa udongo uliobonyea baada ya mvua, mfereji uliokuwa ukitiririka na sasa maji yake yanapotea katikati ya njia. Anaweza kuhamisha zizi.

Na tusiisahau volkeno yenyewe. Suswa haijafa. Mvuke hutoka kwenye mianya yake, na wafugaji wa pale wameutegea mabomba ili upoe na kudondosha maji ya kunywa na ya ndama. Mwaka 2009 Juliet Biggs na wenzake walichapisha vipimo vya rada za setilaiti vilivyoonyesha kwamba kati ya 1997 na 2000 Suswa na Menengai zilididimia sentimita 2 hadi 5, kwamba Longonot ilivimba kiasi cha sentimita 9 kati ya 2004 na 2006, na Paka, kaskazini mwa Baringo, zaidi ya sentimita 20. Kabla ya hapo milima hiyo ilidhaniwa kutulia kabisa. Rada hiyo pia ni redio: wimbi la sentimita chache linatumwa kutoka angani, linagonga mlima na kurudi, na setilaiti ikipita tena hulinganisha wimbi jipya na la zamani. Mwamba ukiwa umesogea hata sehemu ndogo ya urefu wa wimbi, mitikisiko hailingani tena. Mlima unaolishinda wimbi la FM la Suswa unapimwa pumzi zake na wimbi la jamii hiyohiyo.

Hoja yangu, hata hivyo, ina tundu, na masika yaleyale ya 2018 yalilionyesha. Tarehe 9 Mei, usiku, bwawa la Patel lilipasuka Solai, kaskazini mwa Nakuru, na kuua watu wapatao 48 waliokuwa chini yake. Kisha alfajiri ya 29 Aprili 2024 maji yakashuka kutoka pande za Kijabe hadi Mai Mahiu. Tundu la kupitishia maji chini ya tuta la reli ya zamani lilikuwa limezibwa na magogo na matope. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta, kisha yakaachia kwa mara moja. Zaidi ya watu 50 walikufa, wengi wakiwa usingizini.

Wimbi la redio halivuki ukuta, na mvua nayo haivuki ukuta, lakini maji huvuka. Yanateremka kutoka nchi ambayo hali yake ya hewa si yako na redio yake si yako. Ziwa Nakuru limeionyesha kanuni hiyo polepole: halina mto wa kulitoa maji, hivyo hutunza hesabu ya mvua za Mau kwa miaka, na kati ya 2010 na 2020 lilitanuka kutoka kilomita za mraba 40 hivi hadi zaidi ya 60, likalimeza lango kuu la mbuga. Mai Mahiu iliionyesha kwa dakika chache.

Redio ya bondeni basi haiwezi kujitosheleza kwa kuijua mvua ya bondeni. Inahitaji masikio juu ya ukingo: mwalimu wa Kinangop au mwenye duka wa Kijabe aliye na kipima mvua uani na nambari ya simu ya studio. Kipima chenyewe ni chombo chochote cha pande zilizonyooka na rula. Milimita moja ndani yake ni lita moja kwenye kila mita ya mraba ya mlima, na milimita 50 kwenye kilomita moja ya mraba ni lita milioni 50 zinazotafuta njia ya kushuka. Simu hupita mahali FM isipopita, kwa kuwa minara yake hupokezana mlima kwa mlima.

Linabaki tatizo ambalo fizikia haijalitatua. Redio iliyozimwa haimwamshi mtu. Stesheni ndogo nyingi hufunga usiku ili kubana umeme, na msikilizaji naye huzima ili kubana mawe. Mafuriko ya Mai Mahiu yalikuja katika saa hizo hizo. Kwa hiyo taarifa ya thamani kuliko zote katika msimu wa mvua ni ile ya mwisho kabla ya kufunga, saa tatu au saa nne usiku, na ndani yake mvua ya Suswa ni habari ya pili. Ya kwanza ni kiasi kilichonyesha Kijabe na Kinangop tangu adhuhuri, na kama bado inanyesha.